Mwadi Mabika: Alichapwa 107-47 Olimpiki, akaja kubeba ubingwa wa Marekani mara mbili

Na Mwandishi Wetu, Mwandiga

MATOKEO yalisomeka hivi: Marekani 107, Zaire 47. Tofauti ya pointi 60. Ingekuwa soka, ni kama timu imekula nane bila majibu, halafu refa kaona huruma na kupuliza kipyenga dakika ya 85.

Ilikuwa Julai 1996 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, mpira wa kikapu kwa wanawake. Zaire ilipoteza mechi zake zote tano za kundi. Mashindano yalipokwisha ilikuwa ya 12, na timu zilizoshiriki zilikuwa 12.

Ndani ya kikosi hicho kilichoburuza mkia alikuwemo binti mzaliwa wa Kinshasa, Mwadi Mabika. Alikwenda Atlanta akiwa na miaka 19 na akatimiza 20 Julai 27, katikati ya mashindano.

Haukupita mwaka mzima, jina lake likawa kwenye orodha ya wachezaji wa Los Angeles Sparks. Miaka mitano baada ya kipigo kile akabeba ubingwa wa ligi ya wanawake ya Marekani, WNBA. Mwaka uliofuata akaubeba tena.

Kwa shabiki wa soka, hapa kuna jambo la kutafakari. Kila timu yetu ya wanawake inapofuzu mashindano makubwa, vijiweni kuna sauti haikosekani: tunawapeleka kufanya nini, si watakwenda kufungwa tu? Hesabu ya Mabika inajibu swali hilo vizuri kuliko hotuba yoyote.

TIMU YA KWANZA KUTOKA AFRIKA

Kwanza tuiweke Zaire mahali pake. Haikuwa timu ya kuokoteza. Kwenye kikapu cha wanawake Afrika ilikuwa kigogo, ikigombania ufalme na Senegal, na mwaka 1994 ndiyo iliyochukua ubingwa wa bara.

Olimpiki ya Atlanta iliita timu 12 na Afrika ikawa na moja tu, Zaire. Tangu kikapu cha wanawake kianze kuchezwa Olimpiki mwaka 1976, hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika. Kwa hiyo wale mabinti hawakwenda kuendeleza kitu kilichokuwepo, wao ndio waliofungua mlango.

Walipoingia walikuta kundi la moto: Marekani wenyeji, Australia, Ukraine, Cuba na Korea Kusini. Marekani wa mwaka ule hawakuwa wa kawaida hata kidogo. Walishinda mechi zao zote na kuchukua dhahabu, wakiwa na Lisa Leslie, Sheryl Swoopes, Dawn Staley na Teresa Edwards. Hata Korea Kusini, timu yenye heshima zake, ilitandikwa 105-64 na watu haohao.

Ukiitazama hivyo, 107-47 inabaki kipigo, lakini aibu inapungua. Kuna siku unakutana na mtu ambaye kila mtu anapigwa naye.

MUTOMBO AINGIA MFUKONI

Safari yenyewe nusura iwe kichekesho. Zaire ya 1996 ilikuwa nchi iliyochoka. Miaka zaidi ya 30 ya Mobutu Sese Seko ilikuwa inaelekea ukingoni, hazina haina kitu, na timu ya wanawake ya kikapu haikuwa juu kwenye orodha ya mambo ya kulipiwa.

Aliyeokoa jahazi ni Dikembe Mutombo, yule mtu mrefu wa Kinshasa aliyekuwa akizuia mipira kwenye NBA na kutikisa kidole kumkatalia mpinzani. Alitoa fedha zake mwenyewe kugharamia jezi na matumizi ya dada zake Atlanta. Mwaka huohuo alihama Denver Nuggets na kujiunga na Atlanta Hawks.

Mutombo alifariki Septemba 30, 2024 akiwa na miaka 58, na dunia ilimlilia kwa mengi, ikiwemo hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake. Zile jezi za 1996 zilitajwa kwa sentensi moja, wakati mwingine hazikutajwa kabisa. Ni pesa ndogo ukilinganisha na hospitali, lakini tazama ilichozaa.

Mfanyabiashara yeyote angeuliza: faida iko wapi hapo? Timu imelipiwa, imekwenda, imefungwa mechi zote, imerudi. Jibu halikuwa kwenye msimamo wa kundi. Lilikuwa kwa binti mmoja mwenye urefu wa mita 1.80, mwepesi wa miguu na asiyeogopa kutupa kutoka mbali, ambaye sasa alikuwa amekwishacheza mbele ya macho ya dunia.

NG'AMBO YA ZIWA, MWAKA ULEULE

Watu wa Kigoma wanaukumbuka mwaka 1996 kwa sababu nyingine. Miezi michache baada ya Atlanta, vita viliwaka mashariki mwa Zaire. Watu wakavuka Ziwa Tanganyika kwa maboti, wakashukia ufukwe wa huku wakiwa na watoto na mabunda ya nguo. Mwaka huohuo ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Ukitoka Kigoma mjini kwenda Kasulu lazima upite Mwandiga. Hapa ndipo njia zinapogawanyika, moja ikishika Kasulu na nyingine ikipanda Manyovu, mpakani mwa Burundi. Wenyeji wa umri fulani hawahitaji kufundishwa neno Zaire lilikuwa na maana gani.

Mei 1997 Mobutu akaondolewa na nchi ikabadilishwa jina, ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi mmoja baadaye, Juni 1997, WNBA ikacheza mechi yake ya kwanza. Maana yake ni kwamba Mabika alipoanza kazi ya kulipwa, jina lililoandikwa kwenye jezi yake ya Olimpiki halikuwepo tena kwenye ramani.

Kinshasa ni mbali sana na huku kwetu, ni nchi nzima katikati. Lakini ni taifa moja na hao majirani wanaoonekana kama milima ya bluu ukiwa ufukweni Kigoma siku isiyo na ukungu. Ni nchi ileile iliyompokea Mbwana Samatta pale TP Mazembe ya Lubumbashi kabla Ulaya haijamjua. Kongo imewahi kuwa ngazi yetu kwenye soka, na kwenye kikapu cha wanawake inaweza kuwa somo letu.

LOS ANGELES, 1997

WNBA ilianza na timu nane tu na mechi 28 kwa kila timu. Juni 21, 1997, Sparks waliikaribisha New York Liberty pale Great Western Forum, ukumbi ambao Los Angeles Lakers walikuwa wakiutumia. Watu zaidi ya 14,000 waliingia. Sparks wakalala 67-57 nyumbani.

Mabika alijikuta kwenye kikosi kimoja na Lisa Leslie, nyota wa ile timu iliyowachapa pointi 107 mwaka uliotangulia. Mpinzani wa jana sasa ndiye wa kumpasia mpira. Alikuwepo pia Zheng Haixia, Mchina aliyekuwa mmoja wa wanawake warefu kuliko wote kwenye ligi.

Tofauti kati ya Mabika na wenzake wengi wa Marekani haikuwa kipaji. Wao walikuwa wamepita vyuo vikuu, miaka minne ya kocha, mazoezi, chakula na mechi za televisheni. Leslie alitoka Chuo Kikuu cha Southern California. Mabika alitoka ligi ya Kinshasa. Hakuwa na chuo cha Marekani nyuma yake, na Kiingereza alikuwa anakikuta palepale.

Wanaofuatilia soka wanaijua hali hiyo. Mchezaji anatua nchi ya watu, anaelewa mpira lakini haelewi kocha anafoka nini. Kuna wanaorudi nyumbani baada ya msimu mmoja. Mabika alianza kama mtu wa kutokea benchi, akakaa, akajifunza. Akaja kudumu Sparks kwa misimu 11.

Kwenye soka ungemwita winga anayefunga. Anakimbia pembeni, anaweza kuingia ndani kwa nguvu, lakini ukimpa nafasi nje ya mstari anakuadhibu kwa pointi tatu. Wakati Leslie akivuta mabeki wawili chini ya kikapu, Mabika alikuwa anasubiri pembeni na mikono iko tayari. Ukimfuata Leslie, Mabika anakumaliza. Ukibaki na Mabika, Leslie yuko huru.

UBINGWA MARA MBILI

Mwaka 2000 alichaguliwa kucheza mechi ya All-Star, ile ya mastaa wa ligi nzima. Hapo tayari ilikuwa wazi kwamba yule binti wa nafasi ya 12 si mtu wa kujazia benchi.

Tatizo lilikuwa Houston Comets. Tangu ligi ianzishwe, hakuna mwingine aliyekuwa amebeba kombe. Mwaka 1997 wao, 1998 wao, 1999 wao, 2000 wao. Walikuwa na Swoopes na Cynthia Cooper, na kila aliyejaribu alirudi mikono mitupu.

Msimu wa 2001 Sparks, chini ya kocha Michael Cooper, aliyewahi kuwa beki mkali wa Lakers, walicheza mechi 32 na kupoteza nne tu. Nyumbani hawakufungwa hata moja. Kwenye mtoano wakakutana na Comets mapema na kuwatoa kwa mechi mbili mfululizo, utawala wa miaka minne ukaishia hapo. Fainali wakakutana na Charlotte Sting, wakashinda mbili bila kupoteza, ya pili kwa kichapo cha 82-54.

Huo ndio ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Sparks na wa kwanza wa Mabika.

Mwaka 2002 ndio ulikuwa wake hasa. Alimaliza msimu akiwa na wastani wa pointi 16.8 kwa mechi, akaitwa All-Star kwa mara ya pili, na ligi ilipotangaza kikosi bora cha kwanza cha msimu majina yalikuwa matano: Sue Bird, Sheryl Swoopes, Tamika Catchings, Lisa Leslie na Mwadi Mabika.

Soma orodha hiyo tena taratibu. Bird, Swoopes, Catchings na Leslie ni malkia wa mchezo huu, kila mmoja ana zaidi ya dhahabu moja ya Olimpiki akiwa na Marekani. Wa tano ni Mkongo ambaye Olimpiki yake iliishia mkiani. Miaka sita tu iliyotenganisha mambo hayo mawili.

Fainali ya 2002 ilikuwa dhidi ya New York Liberty. Sparks walishinda ya kwanza ugenini 71-63. Ya pili, Los Angeles, ilifika sekunde za mwisho timu zikiwa sawa, mpaka Nikki Teasley alipotupia pointi tatu na kuimaliza 69-66. Kombe la pili mfululizo.

Mwaka 2003 walifika fainali tena, lakini Detroit Shock wakawakatalia kwa mechi mbili kwa moja. Mechi ya mwisho pale Detroit iliangaliwa na watu 22,076 uwanjani. Hiyo ni idadi ambayo timu nyingi za soka la wanaume Afrika Mashariki huiona siku ya dabi tu.

Aliendelea na Sparks mpaka 2007. Msimu wa 2008 alihamia Houston Comets, walewale ambao yeye na wenzake waliwavua ufalme. Ulikuwa msimu wake wa mwisho WNBA, na wa mwisho kwa Comets pia, kwani Desemba 2008 klabu ilifungwa.

KILICHOBADILIKA AFRIKA

Mtu anaweza kusema huyo ni mmoja, bahati yake. Basi tuiangalie picha kubwa.

Baada ya Zaire kufungua mlango, kila Olimpiki iliyofuata ilikuwa na timu ya Afrika kwenye kikapu cha wanawake. Senegal walikwenda 2000. Nigeria walikwenda 2004 na kuifunga Korea Kusini, ushindi wa kwanza wa Afrika kwenye mashindano hayo. Mali wakaenda 2008, Angola 2012, Senegal tena 2016. Wengi wao walichapwa na walirudi nyumbani mapema.

Halafu ikaja Paris 2024. Nigeria wakaipiga Australia 75-62, wakaipiga Canada 79-70, wakaingia robo fainali. Hakuna timu ya kikapu ya Afrika, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imewahi kufika hapo. Robo fainali wakakutana na Marekani na kufungwa 88-74.

Kutoka tofauti ya pointi 60 mpaka tofauti ya pointi 14. Imechukua miaka 28, na hakuna namna ya kufika kwenye hiyo 14 bila mtu kukubali kwanza kula hiyo 60.

TWIGA STARS WALIANZIA HAPOHAPO

Kwenye soka la Tanzania hesabu ni ileile. Twiga Stars walifuzu fainali za Afrika za wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 2010, Afrika Kusini. Walifungwa 2-1 na wenyeji, 3-2 na Mali, 3-0 na Nigeria. Mechi tatu, pointi sifuri. Vijiweni maneno yalikuwa mengi.

Walisubiri miaka mingi kurudi. Waliporudi Morocco, Julai 2025, walibanwa 1-0 na Mali, wakatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi, kisha wakapigwa 4-1 na Ghana. Bado walitolewa hatua ya makundi. Lakini angalia nani walikuwa wakiijenga timu hiyo katika miaka ya karibuni: Aisha Masaka aliyetoka BK Häcken ya Sweden kwenda Brighton ya Uingereza, Opa Clement aliyepita Beşiktaş ya Uturuki, Clara Luvanga wa Al Nassr ya Saudi Arabia. Mwaka 2010 orodha ya namna hiyo haikuwepo.

Kwenye kikapu tunaye Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa namba mbili kwenye usajili wa NBA mwaka 2009 na Memphis Grizzlies. Kwa upande wa wanawake bado Tanzania haijapata jina la kulitaja kwa pumzi hiyohiyo. Jirani zetu Wakenya wanaye Mercy Wanyama, aliyecheza kikapu cha kulipwa Hispania na timu ya taifa ya Kenya. Shabiki wa soka anawajua kaka zake: Victor Wanyama wa Celtic na Tottenham, na McDonald Mariga aliyekuwa Inter Milan ilipochukua ubingwa wa Ulaya 2010. Nyumba moja, watoto watatu, michezo miwili.

MWANDIGA INASUBIRI NINI

Kigoma ni mkoa wa soka, hilo halina mjadala. Ndiko alikotoka kipa Juma Kaseja. Ndiko Simba na Yanga walikokutana Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, Taddeo Lwanga akaifungia Simba bao pekee. Siku hiyo mwisho wa reli palikuwa hapatoshi.

Kwa msichana mrefu wa hapa Mwandiga, njia iliyozoeleka ni fupi. Shuleni atapangwa kwenye mpira wa pete kwa sababu ya urefu wake, labda atafika UMISSETA, mashindano ambayo yana kikapu pia. Baada ya hapo, mtihani wa kidato cha nne, kisha maisha. Ili afike mbali zaidi inabidi timu iende mahali, nauli ilipwe, jezi zipatikane, na watu wazima wakubali kwamba timu hiyo inaweza kwenda kufungwa.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Timu ya shule inakatwa kwenye safari kwa sababu haina nafasi ya kombe. Ya mkoa inabaki nyumbani kwa sababu wapinzani wa Dar es Salaam ni wakali. Hoja ni zilezile: tusubiri wawe tayari. Lakini watakuwaje tayari kama hawajawahi kumwona aliye bora kuliko wao?

Zaire ya 1996 haikuwa tayari. Nchi ilikuwa inabomoka, pesa hakuna, wapinzani ni Lisa Leslie na wenzake. Mtu mmoja alilipa, mabinti wakapanda ndege, wakafungwa. Mmoja wao akavaa jezi ya Sparks kiangazi kilichofuata.

Kwa hiyo orodha ya safari itakapopangwa tena, iwe ya shule, ya mkoa au ya taifa, na mtu akauliza wasichana hawa wanakwenda kufanya nini wakati watafungwa, kuna jina la kumtajia. Lina herufi chache na ni rahisi kulitamka kwa Kiswahili: Mwadi.